Kinyonga Kwenye Kioo

…na tena hakuna kigeugeu kilichowahi kunishinda, hiki kimoja kitanishinda kwa lipi, kikifutwa kimefutwa, hata Ottilia akikutana na unywele unaokataa kuingia kwenye msuko anaupitishia wembe na mteja haulizi, tulia, dada Schola, anasema Ottilia, ukiinama hivyo mstari utapinda na kesho utawaambia watu Ottilia hajui kusuka, haya, nimetulia, siinami tena, nusu ya kichwa changu iko vidoleni mwake na nusu nyingine imesimama kama shamba lililoachwa, nitatazama kwenye kioo, kwenye kioo naiona laptopu yangu nyuma kwenye stuli, imechomekwa kwenye umeme wa saluni, maandishi yamegeuka siwezi kuyasoma lakini rangi hazigeuki, kijani, kijani, kijani, rangi ndiyo ninayoitaka, majaribio yanajirudia yenyewe huku mimi nasukwa, hiyo ndiyo kazi ya mtu mwenye akili, na simu iko mkononi, na kwenye simu kuna swali la Urbani ambalo nimeshaliandikia jibu ila sijalituma kwa sababu Ottilia alinivuta kichwa wakati kidole kikishuka na kidole chenyewe kina mafuta ya nazi… Dada Schola, Kinyonga tumfute? Nataka ukurasa wote uwe kijani kabla hatujaondoka… hivyo ndivyo alivyoandika bosi wangu Urbani, na mimi nimeandika Futa, neno moja, limekaa pale linangoja kidole, na kichwa hiki kikiisha tunapanda gari tunashuka ziwani, alasiri tunafungua huduma Lipingo, mganga mkuu atakuwepo, wenyeviti wa vijiji watakuwepo, akina mama watakuwepo na matumbo yao, na mimi nimepewa dakika zangu za kusimama mbele ya watu wote hao niseme sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu jana mbele ya sufuria la ugali, majaribio yote yamepita, na sentensi ya namna hiyo huwezi kuisema na nywele za kufunika kitambaa, hapana, mama yangu Kunigunda hakunizaa nikaaibike mbele ya kipaza sauti. Kinyonga nilimpa jina mwenyewe, kila kigeugeu nakipa jina, hiyo ndiyo siri ya kuvikamata, kitu kisicho na jina utakifuatiliaje, maana watu wanadhani kazi yangu ni kukaa na kutazama kompyuta, shangazi huko Kigonsera anawaambia majirani kuwa Scholastica anafundisha mashine, siifundishi, naisahihisha, nimeandika programu ndogondogo ambazo zinaiuliza programu kubwa maswali, nesi akituma hivi utajibu nini, akituma vile utajibu nini, jibu likiwa sawa taa ya kijani, likiwa kosa nyekundu, ni mtihani tu, tofauti ni kwamba mtihani huu unafanywa kila mtu anapogusa programu, na mtihani mzuri ni ule unaotoa majibu yaleyale kwa mwanafunzi yuleyule, ukikuta jaribio lililoanguka asubuhi linapita mchana na hakuna aliyegusa kitu, hicho ndicho kigeugeu, na kigeugeu ni kibaya kuliko jaribio linaloanguka kila siku, kwa sababu kinawafundisha watu dharau, nyekundu inawaka wanasema achana nayo, hiyo ina tabia zake, rudia tu, na siku nyekundu ya kweli ikiwaka wanasema maneno hayohayo. Nilipoingia ofisini kwa Urbani vilikuwa vingi kama siafu, nikavitenga kimoja kimoja, nikakiwekea kila kimoja chumba chake pembeni kisiwasumbue wenzake, nikakipa jina na mwenye kukilea na siku ya mwisho ya kupona, Mlevi alikuwa anaanguka kila asubuhi, nikagundua seva iko nchi za watu na asubuhi yetu kwao bado ni jana, nikamponya, Mgeni alikuwa anaanguka akitangulia wenzake tu, kumbe alikuwa anakula chakula kilichopikwa na jaribio la mbele yake, nikamfundisha kupika chake, wote nimewaponya, Twaha, kijana ninayefanya naye kazi ofisini, ananiita sista wa karantini, na acha aniite, sasa amebaki Kinyonga peke yake…

…Bi Hafidha ameingia, shikamoo Bi Hafidha, marahaba mwanangu, mbona umekaliwa kichwa mapema yote hii, anauliza, kuna harusi? hakuna harusi, anajibu Ottilia kwa niaba yangu kama kawaida yake, dada anakwenda kuhutubia ziwani, na Bi Hafidha anacheka, analeta pakiti za rasta kutoka duka lake hapo jirani, duka la vipodozi na vitenge, wazee wake walitoka pwani na bidhaa wakaishia ziwani wakaoa, yeye akapanda huku juu kwenye baridi kwa ajili ya mume, anazimwaga pakiti juu ya benchi karibu na laptopu yangu, taratibu Bi Hafidha, waya huo, waya nimeuona mwanangu, mimi nina miaka hii yote sijawahi kukanyaga waya, anakaa, akikaa huyu haondoki leo… kijani, kijani, Kinyonga naye kijani, unaona alivyo na kiburi, akijua anatazamwa anapita, Kinyonga kazi yake ni nyepesi kuliko zote, anamtunga mama, anachukua jina lolote kwenye majina aliyoyaandika Twaha, anamweka Lipingo, anampa miezi minane, anatuma meseji kama nesi wa zahanati anavyoituma, jina, mwezi, mahali, basi, na programu inatakiwa ijibu kuwa boti inapangwa, kwa sababu ndiyo maana yake yote programu hii, mama aliyefika mwezi wa nane asingoje uchungu kijijini, achukuliwe mapema akasubirie karibu na hospitali, huku milimani inapanga gari na kule ziwani boti, na yule wa miezi michache anatumiwa kumbusho la kliniki tu, hakuna haraka, na kila siku Kinyonga anatuma na boti inapangwa, inapangwa, inapangwa, halafu siku moja haipangwi, anaandika nilitarajia boti nimepata kumbusho, nyekundu, ukirudia palepale boti hiyo hapo, kijani, kama aliyekuwa anatania, jina gani alitumia huwezi kujua, jina linatupwa jaribio likiisha, sheria yangu hiyo, nilisimama mbele ya Urbani nikasema jina la mama mjamzito halihifadhiwi mahali lisipohitajika, hata la kubuni, tukizoea kuyatapanya ya kubuni tutatapanya ya kweli, na Urbani akakubali, kwa hiyo jina halipo, na halina maana, mimba haiulizi jina… Twaha anasema Kinyonga anachukia Jumamosi, eti alianguka Jumamosi mbili mfululizo, nikamwambia Twaha mdogo wangu, mashine haina siku ya mapumziko, usiniletee unajimu hapa, ni mtandao, mlima huu wa Mbinga ukipitiwa na wingu mtandao unalala, meseji inachelewa, programu inakata tamaa na kutoa jibu la pembeni, nikaongeza subira, nikamwambia Kinyonga angoje zaidi, akangoja, akaanguka tena, sawa, lakini nilimjaribu na kwa mkono, si ndivyo, niliketi nikawatuma mmoja mmoja, Kunigunda nane Lipingo, boti, Restituta nane Lipingo, boti, Benadetha, boti, Rosa, boti, nikaingia kwenye kalenda ya watakatifu ile aliyoitundika baba nyuma ya mlango, baba katekista, kila mtoto aliyezaliwa nyumbani kwetu aliletwa mbele ya ile kalenda kabla hajaogeshwa vizuri, baba anaweka kidole kwenye tarehe, anasoma, na jina limekwisha patikana, hakuna mabishano, mimi nilimwangukia Mtakatifu Skolastika na dada yangu aliponea chupuchupu kuitwa jina ambalo hata padre alilitamka kwa shida, kwetu jina linashuka kutoka juu, halitungwi, nikawatuma watakatifu wa kike wa mwaka mzima kwenda Lipingo na mimba ya miezi minane, Bwana anisamehe, wote walipata boti, basi mtu gani baada ya hapo atasema sijafanya kazi yangu, kigeugeu kisicho na sababu kinafutwa, ndiyo kanuni, nimeiandika mwenyewe, siku ya kupona imepita, Futa, nibonyeze… aaa, Ottilia, polepole hapo kisogoni, samahani dada, anasema Ottilia, nywele zako za Kigonsera hizi ngumu kama mizizi ya kahawa, na Bi Hafidha anasema nywele za ziwani ndizo laini, sababu ya kula mbasa, na wanaanza, nani alimpa nani samaki, nani ameolewa wapi, siwasikilizi, maneno yao yanapita juu ya kichwa changu pamoja na chanuo.

Kijani, kijani… nikisimama pale nitaanza na salamu, nitawasalimu wazee kwanza, kisha nitasema ndugu zangu programu hii imejaribiwa huku milimani, Kigonsera, Litumbandyosi, mwaka mzima, haikuacha mama hata mmoja nyuma, na ni kweli, haikumwacha, Urbani naye atatikisa kichwa pale mbele, ana haki, kile kipande cha kusoma namba alikiandika yeye kwa mchana mmoja, maana manesi hawaandiki namba kwa tarakimu, wanaandika nane, wanaandika minane, wanaandika wa nane, mmoja wa Litumbandyosi aliandika mwezi wa mwisho kasoro mmoja, na Urbani akaifundisha programu kusoma kila namba kwa kila jina lake, la shuleni na la nyumbani na la kwenye kalenda, ikikutana na namba yoyote kwenye meseji inaidaka palepale, akatembea ofisini siku ile kama jogoo aliyewika jua likachomoza, na tulimpigia makofi, mimi wa kwanza… nina mtoto wa kaka yangu, anasema Bi Hafidha, yuko hukohuko Lipingo unakokwenda, mwanangu, ameolewa na mwenye duka, ana mimba kubwa, ukimwona msalimie, nasema nitamsalimia Bi Hafidha, nasema tu, akina mama watakuwa wengi nitamtambuaje, anasema leo ndiyo anaandikishwa kwenye hicho kitu chenu cha boti, nesi amemwambia aje wa mbele kabisa, mwaka juzi tulipoteza mtoto wake, mwanangu, walikaa ufukweni wanangoja usafiri na mtoto hakungoja, anasema hivyo sauti yake ikiwa ileile aliyosemea habari za mbasa, na vidole vya Ottilia vinasimama kidogo kichwani kwangu, kisha vinaendelea, pole Bi Hafidha, pole sana mama, nimeshapoa, anasema, safari hii boti ipo, alhamdulillahi, na mimi kifua kinajaa, nasema kimoyomoyo ndiyo, safari hii ipo, ndiyo maana nimekaa na vigeugeu miezi yote hii, ndiyo maana, boti ipo kwa sababu mimi nipo, na kwenye kioo Kinyonga anawaka nyekundu… haya, umeanza, siku ya leo, mbele ya wageni, anarudia mwenyewe, kijani, unaona, sasa kuna haja gani ya kumlea, nafuta mafuta ya kidole kwenye khanga, na Bi Hafidha anacheka peke yake, anasema yule mtoto tangu zamani ni wa visa, mwambie Ottilia kile kisa cha shule, Ottilia anasema mimi sijawahi kukisikia, nani angeniambia, anasema basi sikiliza, alikuwa darasa la pili kule ziwani, akaletwa mwalimu mgeni, kijana, hajui mtu, asubuhi ya kwanza anafungua daftari la mahudhurio anaita majina, na jina la kwanza ni la mtoto wetu, anaita, Mosi! na yeye kabla hajafumbua kinywa aseme nipo, mtoto wa dawati la nyuma yake akadakia, Pili! na mwingine, Tatu! na mwingine, Nne! darasa zima likajihesabu hadi mlangoni, mwalimu akafurahi, akasema hawa watoto wana nidhamu, wanajua kujihesabu, akaandika idadi, akawatia alama waliodakia, akafunga daftari, Ottilia anacheka hadi chanuo linamponyoka, anaokota, na mimi nacheka, nawaona wale watoto wamesimama wima na sauti zao, Tano! Sita! nacheka, Ottilia anauliza na Mosi mwenyewe, Bi Hafidha anasema Mosi mwenyewe kakaa dawati la mbele mdomo wazi, jina lake halijawekewa alama, jioni akaja nyumbani ameandikwa mtoro, bibi yake anachukua fimbo, mwanangu ulikuwa wapi, na mtoto analia anasema nilikuwepo, bibi, nimekaa mbele kabisa, ila nimehesabiwa, sijaitwa.

Nimehesabiwa, sijaitwa… bado nacheka, mdomo bado umecheka kwenye kioo, ila kuna kitu kimesimama, Mosi, anaitwa Mosi, mtoto wa kwanza wa kaka yake kwa hiyo Mosi, na kwa akina Bi Hafidha baada ya Mosi anakuja Pili, na baada ya Pili anakuja Tatu, wanawake wazima na waume zao na mimba zao, kwao jina halishuki kwenye kalenda, linakuja na zamu, na Twaha, Twaha mjukuu wa watu walewale wa pwani, siku nilipomwambia andika majina ya kujaribia na usiandike ya Wamatengo wa huku milimani peke yao alicheka akasema nitawatia na shangazi zangu, na aliwatia, amewatia humo katikati ya Kunigunda na Ottilia, wachache, ndiyo maana ni mara mojamoja, ndiyo maana ukirudia linatoka jina jingine, na programu inapokutana na namba yoyote inaidaka palepale, la shuleni na la nyumbani na la kwenye kalenda… jina linatangulia, mwezi unafuata, Mosi nane Lipingo, inaanza kusoma kushoto, inaona Mosi, haioni mtu, inaona moja, imeshapata mwezi wake, ya nini kuendelea kusoma, mwezi wa kwanza, hakuna haraka, kumbusho… na Twaha na Jumamosi zake, maskini, nusu ya neno alikuwa nayo mdomoni… na mimi nimewatuma watakatifu wote wa kike, mwaka mzima, hakuna mtakatifu anayeitwa Tatu, nilikuwa nachota maji kisima kilekile na kuapa kuwa nchi nzima maji yake ni matamu. Subiri, Scholastica, usikimbie, ulishawahi kuwa na uhakika wa wingu na mtandao, uhakika wako wa leo una tofauti gani na wa jana, tofauti ni kwamba huu unajaribika, basi ujaribu, sauti inatoka, naisikia ni yangu na imetulia, Bi Hafidha, naomba unisaidie, mimi nimefungwa kichwa, hapo kwenye laptopu pembeni yako kuna kisanduku cheupe chini kabisa, ndipo Kinyonga anapopewa jina kwa mkono, niandikie humo kama nesi anavyoandika, niandike nini, andika jina la Mosi, kisha nane, kisha Lipingo, mimi kuandika kwenye hivi vitu najua, anasema, si natuma oda za duka, anavaa miwani, anatafuta herufi kwa kidole kimoja, namwona kwenye kioo, m imepatikana, o imepatikana, Ottilia naye ameacha kusuka ameshika msuko mmoja hewani kama kamba ya mbuzi, anauliza kuna nini, hakuna kitu, dada, nenda taratibu tu, nakaa wima, moyo unapiga lakini si hofu, naujua mpigo huu, ndio uliopiga nilipomkamata Mlevi, nimemaliza, anasema Bi Hafidha, nibonyeze wapi, hapo penye neno tuma, anabonyeza.

Nyekundu. Mbona pekundu mwanangu, nimeharibu? hujaharibu, Bi Hafidha, nisomee kilichoandikwa, anasogeza miwani, anasoma polepole kama anayesoma maandishi ya dawa, jina, halipo, mwezi, wa kwanza, hakuna haraka, mama atatumiwa kumbusho la kliniki… anarudia kusoma bila sauti, kisha anasema mwezi wa kwanza wapi, huyu hata kufunga viatu anafungiwa na mumewe, bonyeza tena, Bi Hafidha, anabonyeza, nyekundu, tena, nyekundu, na tena, nyekundu, hageuki, nimempa jina moja alishike na hageuki, basi hakuwa kinyonga hata siku moja, alikuwa anasema kitu kilekile kila alipopewa nafasi ya kukisema, mosi, pili, tatu, na mimi nilikuwa nimemtenga chumbani na kumbandika jina la mnyama. Lisemwalo lipo, walisema watu… na hasira inakuja, si ya Urbani, Urbani alifundisha mashine namba kama alivyofundishwa yeye, nina hasira na ile sentensi yangu ya kwenye sufuria la ugali, majaribio yote yamepita, ningeisema leo alasiri na nywele hizi, na kwa sauti nzuri, na Mosi angekuwa amekaa mbele kabisa, angepiga makofi, angerudi nyumbani akangoje boti. Sitaisema. Nitasimama, kusimama nitasimama, kichwa hiki hakiendi bure, nitawasalimu wazee na nitawaambia jaribio moja limeanguka, na limeanguka kwa haki, na leo kila mama wa Lipingo ataandikishwa kwa mkono na nesi ataniletea mimi hadi kipande kile kitakapojua kutofautisha mtu na namba, mganga mkuu anune akipenda, Urbani anune, ataacha kununa, namjua, akiona kwa macho yake ataanza kukirekebisha hukohuko kwenye gari, na Twaha wa Jumamosi nitamwambia atuitie shangazi zake wote mmoja mmoja, na majina mengine ya wilaya nzima, ya Kinyasa na ya Kimpoto, nani ajuaye kuna namba gani nyingine zimelala ndani ya watu. Nifungue simu… simu imezima kioo, naigusa, inawaka, swali la Urbani liko palepale, tumfute? na chini yake neno langu liko palepale, Futa, halijaenda kokote, Ottilia anarudisha vidole kichwani, tulia basi dada, mstari umebaki mmoja wa upande huu, na upande wa pili bado wote, sawa, nimetulia, na nyuma yangu kwenye kioo Bi Hafidha hajaondoka kwenye laptopu, amevua miwani ameishika mapajani, anaiangalia ile nyekundu, anasema kwa sauti ndogo, wala hasemi na sisi, wamemhesabu tena. Kidole kimekauka sasa, hakitelezi, naongeza herufi tatu mbele ya lile neno na kubadili moja ya mwisho, Usifute, natuma.